Mtoto Wetu si Mkatoliki: Je, Tumpeleke Shule ya Misheni?

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo kila mwaka, matokeo ya darasa la saba yakishatoka, huzungumzwa usiku jikoni katika nyumba nyingi za Ufipa. Mtoto amefaulu. Shule ya kata ipo, lakini ni mwendo wa saa mbili kwa mguu, na mvua za huku kwetu zikianza hazina huruma. Upande wa pili ipo shule ya misheni. Ina bweni, ina masista, na watoto wake wanafaulu.

Baba anasema, "Hapana. Sisi ni Wamoraviani. Huyu atarudi hapa ameshika rozari."

Mama anajibu, "Baba watoto, rozari haijapata kumuua mtu. Je, mwezi wa pili mto ukijaa, atapita wapi?"

Basi mazungumzo yanaishia hapo, kila mmoja analala na lake.

Nyumba nyingine ni ya Waislamu, pengine kule Kirando ziwani au hapa hapa mjini Sumbawanga. Nyingine ni ya Wasabato, nyingine ya Wapentekoste, nyingine ya Mashahidi wa Yehova. Wote hao wanaishi katika nchi ambayo Wakatoliki ni wengi na misheni zao ni za zamani. Kwa hiyo swali hili si la watu wachache. Sisi tunaoandika gazeti hili hatuko wote wa dini moja, na tumelizungumza kwa siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Hatukukubaliana kila kitu.

Kwanza tuseme hivi: baba anayeogopa hasemi upuuzi. Hofu yake ina historia, nayo tuisome.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wakapokea ngome kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885. Kutoka ziwani walipanda mpaka huku juu Ufipa. Huko huko Karema, mwaka 1907, Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao mpaka leo tunawaona katika shule na zahanati zetu. Walikokwenda mapadre hao, shule na dini vilikwenda pamoja. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliweka kanuni kwamba mtu asibatizwe mpaka ajifunze dini kwa miaka minne. Katika miaka hiyo wengi walijifunza na kusoma pia, kwa sababu kitabu kilichokuwepo kilikuwa cha dini.

Kule Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa "wasomaji". Liangalieni neno hilo. Kusoma na kuingia dini vilikuwa kitu kimoja. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo, kwa vitabu vya pamba na mahindi na uzazi bora, pengine tunasahau kwamba babu zetu hawakuwa na nafasi hiyo. Aliyetaka herufi alizikuta mkononi mwa katekista.

Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilikutana na wamisionari Dar es Salaam, na baada ya hapo ikaanza kuzipa fedha shule za misheni zilizofuata masharti yake. Misheni ziliendelea kubeba sehemu kubwa ya elimu ya nchi. Wazazi wengi Waislamu waliona mlango wa shule ni mlango wa kanisa, wakawazuia watoto wao. Wakabaki nyuma, na malalamiko hayo bado yanasikika nchini mpaka leo.

Ndiyo maana ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kwa sheria hiyo Serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini. Kutaifisha maana yake ni kuchukua mali ya watu au ya shirika na kuifanya ya Taifa zima. Aliyekuwa Rais wakati huo, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki, tena aliwahi kufundisha katika shule mbili za Kikatoliki, St. Mary's ya Tabora na St. Francis ya Pugu. Hata hivyo alizichukua. Nia ilikuwa mtoto asiulizwe dini yake anapotafuta elimu. Seminari hazikuchukuliwa, kwa sababu kazi yake ni kulea vijana wanaotaka upadre.

Baadaye mambo yalibadilika tena. Serikali iliona haiwezi kujenga kila shule peke yake, na mashirika ya dini yakaruhusiwa kufungua shule zao upya, hasa kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Kwa hiyo shule ya Kikatoliki ya leo si ile ya wakati wa babu. Ni shule ya binafsi iliyoandikishwa serikalini. Inafuata mtaala wa Taifa na watoto wake wanafanya mtihani ule ule wa Baraza la Mitihani.

Sasa je, sheria inasemaje juu ya dini ya mtoto?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inasema kila mtu ana uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini, na kwamba kueneza dini ni jambo la hiari. Kanisa Katoliki lenyewe nalo limejifunga kwa maandishi yake. Katika mtaguso wa Vatikano, mwaka 1965, maaskofu wa dunia walitoa tamko kwamba mtu asilazimishwe kwenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Mwaka huo huo walitoa tamko jingine juu ya elimu. Humo walisema shule za Kikatoliki zinazosomesha pia watoto wasio Wakatoliki, hasa katika nchi za makanisa machanga, ni za thamani sana kwao. Nchi za makanisa machanga ni kama hii yetu. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 748, inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuingia ukatoliki.

Kwa hiyo hofu ya kwanza, kwamba mtoto atabatizwa kwa nguvu, haina msingi katika sheria ya nchi wala ya Kanisa. Akitokea mtu wa kufanya hivyo, anavunja sheria zote mbili.

Lakini msifunge gazeti hapo. Kulazimishwa kubatizwa ni jambo moja, na kufuata ratiba ya shule ni jambo jingine. Matatizo mengi yamo katika hilo la pili.

Mmoja wetu hapa gazetini ni Mmoraviani. Alimpeleka mwanawe shule moja ya Kikatoliki, ambayo hatutaitaja. Fomu ya kujiunga ilikuwa na kurasa nyingi. Alisoma ukurasa wa ada, akasoma orodha ya vitu: godoro, ndoo, jembe, shuka mbili, blanketi la baridi. Ukurasa wa taratibu hakuusoma. Akatia sahihi. Na huyu ni mtu wa gazeti! Mwezi haujaisha, barua ikafika: "Baba, hapa tunaamshwa saa kumi na moja kwenda misa, nami sijui nifanye nini, wenzangu wanapiga magoti." Baba akapanda basi kwa hasira. Mkuu wa shule, sista, akamfunulia fomu akamwonyesha sahihi yake mwenyewe. Imeandikwa wazi: kila mwanafunzi atahudhuria ibada za shule.

Walizungumza kwa saa nzima. Mwishowe sista alimweleza hivi: kuwemo kanisani ni ratiba ya shule, kwa sababu bwenini hakuna wa kubaki na watoto. Kupiga magoti, kufanya ishara ya msalaba, kusali rozari, hayo ni ya Wakatoliki, mtoto asiye Mkatoliki hadaiwi. Na komunyo haruhusiwi kabisa, hata akitaka. Mwenzetu alirudi ametulia nusu. Nusu nyingine ilibaki palepale. Mtoto wa miaka kumi na minne, anasema, akikaa peke yake benchini wenzake wote wakiwa wamesimama, hiyo nayo si shinikizo?

Hapa ndipo tulipogawanyika. Wengine wetu tunaona ni shinikizo, ingawa hakuna aliyekusudia. Mtoto hutaka kufanana na wenzake kuliko anavyotaka kitu chochote. Wengine wanasema aliyeingia nyumba ya mtu hukuta desturi za nyumba hiyo, na si haki kuwaambia Wakatoliki watoe msalaba ukutani katika shule waliyoijenga wao. Sisi sote lakini tulikubaliana jambo moja: mzazi ayajue haya kabla ya kulipa, asiyapate kwa barua ya mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwa sheria ya Kanisa, mtoto aliyefikisha miaka saba na kuwa na akili ya kupambanua huhesabiwa kama mtu mzima katika habari ya ubatizo. Maana yake, kijana wa kidato cha pili anaweza kwenda mwenyewe kwa padre akaomba kufundishwa. Hakuna aliyemlazimisha, ameomba. Sasa ninyi wazazi mtaambiwa lini? Ulizeni swali hili waziwazi siku ya kwanza: "Mtoto wetu akiomba kubatizwa, mtatuita kwanza?" Shule iliyo na nia njema haitaudhika kwa swali hili. Ikiudhika, nalo ni jibu.

Tuje kwa ndugu zetu Waislamu. Kwao mambo ni mengi zaidi, na yako katika vitu vya kila siku. Nani anachinja ng'ombe wa shule? Je, siku ya nguruwe kuna chakula kingine, na sufuria je, ni tofauti? Mwezi wa Ramadhani mtoto atapata daku saa ngapi, na nani atamfungulia jiko? Ijumaa mchana ataruhusiwa kwenda msikitini, na msikiti uko umbali gani? Binti atafunika kichwa? Msiyaone haya kuwa madogo. Mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifikia kuua mtu. Shule ambayo imekwisha kupokea Waislamu miaka mingi huwa na majibu tayari, tena mara nyingi utakuta mchinjaji ni Mwislamu. Ambayo haijapokea itasema "tutaona". Hilo "tutaona" lifanyeni liwe neno kamili kabla ya kulipa.

Habari ya kufunika kichwa imefika mahakamani kwa jirani zetu. Huko Isiolo, Kenya, katika shule ya St. Paul's Kiwanjani iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodisti, wanafunzi Waislamu waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likapinga. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliwapa haki kanisa, mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikawapa haki wanafunzi, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna madai yalivyoletwa, huku ikitaka shule na wizara zitafute utaratibu. Tazameni miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza shule. Mahakama ni muhimu, lakini haiwezi kumngoja mtoto wala mtoto hawezi kuingoja.

Kwetu Tanzania, Mahakama ya Rufani mwaka 2013 iliamua kesi ya wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa, wengine kufukuzwa, kwa kutoimba wimbo wa Taifa. Iliwapa haki wanafunzi. Haikuwa habari ya shule za Kikatoliki, lakini inafundisha kwamba dhamiri ya mtoto ina uzito mbele ya sheria hata anapokuwa amevaa sare ya shule.

Wasabato waulize habari ya Jumamosi: masomo ya ziada, majaribio, kufua, kulima bustani. Wapentekoste na Waprotestanti wengine waulize kama UKWATA inaruhusiwa kukutana shuleni, na kama mchungaji anaweza kuja kuwaona watoto wake. Maana katika shule nyingi utakuta chama cha vijana Wakatoliki, TYCS, kina chumba na mlezi, wengine hawana hata mti wa kukaa chini yake. Ulizeni pia kipindi cha dini. Katika shule za Serikali watoto hugawanyika, kila kundi na mwalimu wa dini yake. Na Baraza la Mitihani lina mtihani wa Maarifa ya Biblia, na lina mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mtoto wenu atafanya upi, au hatafanya wowote? Shule ijibu.

Seminari tuiseme kwa maneno machache, kwa sababu kila mwaka kuna mzazi anayepoteza nauli. Kaengesa ni seminari. Imewekwa kwa ajili ya wavulana Wakatoliki wanaofikiria upadre. Isipompokea mtoto wa Kimoraviani hajabaguliwa, amekwenda mahali pasipo pake, kama vile aliyekwenda kutafuta mbegu za maharage kwa fundi seremala.

Sasa tuseme neno ambalo pengine halitawapendeza wenye shule. Tumezungumza dini, dini, dini. Lakini tukiangalia vizuri, kinachomfungia mtoto wa Ufipa mlango wa shule nzuri mara nyingi si dini. Ni ada. Hesabuni ninyi wenyewe kwa magunia. Chukueni ada ya mwaka, ongezeni sare, nauli, godoro na michango. Gawanyeni kwa bei ya gunia la mahindi la wakati wa mavuno, siyo bei ya Januari, maana mkulima hauzi Januari, anauza akiwa na shida. Mtapata idadi ya magunia. Halafu zidisheni kwa miaka minne. Mkatoliki maskini wa Laela au Mtowisa akipiga hesabu hiyo anabaki nje ya geti pamoja na Mwislamu maskini wa Kirando. Na tangu mwaka 2016 shule ya Serikali mpaka kidato cha nne haina ada. Kwa hiyo msiuze ng'ombe wa kulimia kwa ajili ya jina la shule. Ng'ombe hao ndio ada ya wadogo zake.

Kuna mchujo pia. Baadhi ya shule za binafsi humwondoa mtoto asiyefikia wastani fulani, ili matokeo ya shule yang'ae. Serikali imewahi kukemea tabia hii, na si ya Wakatoliki peke yao. Ulizeni: "Akipata alama ndogo kidato cha pili, mtamfundisha zaidi au mtamrudisha?" Na mwenye mtoto asiyeona vizuri au anayetembea kwa gongo aulize ngazi, vyoo na vitabu. Shule inaweza kupokea dini zote duniani na bado isiwe na choo ambacho mtoto huyo anaweza kuingia.

Na mtoto mwenyewe? Tulitaka kumsahau. Mwiteni, mkae naye, mwelezeni atakayoyakuta. Mwulizeni atafanya nini wenzake wakipiga magoti. Akiweza kujibu kwa maneno yake, hata kama jibu si lile mlilolitaka, huyo yuko tayari kulala bwenini. Asipoweza, mpeni muda. Wengine wetu tuna watoto waliosoma kwa masista miaka minne wakarudi Waislamu safi, tena wanajua Injili kuliko jirani zao. Wengine walirudi wamebadili dini, na nyumba ikatikisika. Yote mawili yapo Ufipa.

Mkishaamua kumpeleka, andikeni barua kwa mkuu wa shule. Msiogope mwandiko. Ninyi ni wahitimu wa kisomo, barua hii mnaiweza. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Shule. Sisi ni wazazi wa mwanafunzi anayejiunga kidato cha kwanza. Familia yetu ni ya Waislamu. Tumesoma fomu yenu na tunakubali taratibu za masomo, kazi na nidhamu. Tunaomba mtujibu kwa maandishi mambo manne. Kwanza, je, mtoto wetu atalazimika kuingia kanisani, au atakuwa na mahali pa kubaki? Pili, je, nyama ya shule huchinjwa na nani? Tatu, wakati wa Ramadhani atapataje daku na futari? Nne, akiomba mafundisho ya dini nyingine, je, mtatuita kabla hajaanza? Tunawashukuru kwa kupokea watoto wa dini zote. Ni sisi wazazi wake."

Chini wekeni jina, kijiji, tarehe na sahihi za wazazi wote wawili. Mmoraviani au Msabato abadili maswali yawe ya kwake. Andikeni nakala mbili. Moja pelekeni shuleni kabla ya kulipa ada, na mwombe anayeipokea aandike tarehe na jina lake juu ya ile ya pili. Hiyo ya pili rudini nayo nyumbani, muiweke pamoja na risiti na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mahali ambapo panya hawafiki.